Nzige wa Kopo Wana Dawa

Kibaoni, Ifakara
6 Juni 1954

Kwako Theodori, mume mwenzangu,

Nakusalimu, ingawa sijui kama salamu za huku, zilizozoea maji, zitavumilia safari ya huko uliko. Sisi hatujambo. Mafuriko yameshuka. Yameondoka na matuta ya viazi ya shangazi yako Domitila, yakatuachia kambale wawili uani kama fidia. Mpunga umekubali. Baba yako mdogo Pantaleo alikuja kutoka Mchombe, akalisifu shamba lake tangu asubuhi, tukamlisha ili anyamaze. Bibi yako, mke wetu, yuko palepale makaburini, na hajalalamika tangu alipohamia. Kwa mwanamke yule ni badiliko kubwa.

Barua yako ya Pasaka nimeipata. Kumbe umetolewa ofisi ya Nairobi, ukafanywa karani wa kikosi cha kuua nzige, jangwani, kaskazini ya Kenya. Hongera. Baba yako alipofariki nilikuchukua, nikakufundisha kusoma kwa mkono wangu, nikakupeleka shule Kwiro. Yote hayo ili uende kuhesabu panzi.

Unajua nilivyofundisha habari za jangwa. Nilichora mraba ubaoni, nikauacha wazi, nikasema, "Jangwa ni hilo. Hamna kitu. Geuzeni ukurasa." Kilikuwa kipindi kifupi kuliko vyote, ndiyo maana nilikipenda. Watoto wa bonde hili, wanaolala huku maji yanagonga mlango, waliutazama mraba ule kwa wivu.

Sasa nieleze: mahali pasipo kitu, karani anaandika nini?

Habari ya afya yangu usiulize. Mzee akiulizwa afya mara nyingi huona anaharakishwa. Shangazi yako alinikazania niende kwa daktari wa misheni kwa ajili ya tumbo. Nimekwenda. Amesema nile vizuri.

Babu yako,
Kasmiri

*

Kambi ya Nzige, kaskazini ya Marsabit
2 Agosti 1954

Shikamoo babu, mume mkubwa,

Barua yako imefika na mchanga ndani. Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kama tope la mbugani mwezi wa Oktoba. Mwambie shangazi simsahau. Pantaleo mwambie mchele wake nauota.

Ule mraba wako, babu. Siku ya kwanza niliuona vilevile ulivyouchora: mweupe, bapa, jua juu yake. Nikasema mzee hakukosea. Aliyenicheka ni Guyo, mzee wa Kigabra anayetuonyesha njia. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuazima, "Wewe natafuta kwa jicho ya mtu ya mto. Keti."

Nikaketi chini ya mgunga. Mgunga mmoja tu, na kivuli chake hakizidi jiko la shangazi. Humo kivulini mna majani ambayo hatua chache nje hayapo. Mna mavi ya mbuzi waliokuja kupumzika, na ndani ya mavi mna mbegu walizokula mbali. Dundu wanayaviringisha mavi, mjusi anawavizia dundu, na chini ya gome kuna nge ambaye naye ana hesabu zake na mjusi. Juu kuna ndege wanaoangusha samadi inayoulisha mti unaowabeba. Kila mmoja anakula, kila mmoja ataliwa, na hakuna anayehutubia. Ni kama harusi ya Pantaleo, bila Pantaleo.

Kuna ndege mfano wa kwale, wanaitwa firigogo. Makinda yao hukaa mbali sana na maji. Dume huruka asubuhi hadi kisimani, hujilowesha manyoya ya tumbo, hurudi nayo yamelowa, na makinda huja kunyonya maji manyoyani. Nimeona kwa macho yangu.

Mvua ya masika ilinyesha mara moja. Kabla matope hayajakauka kwenye magurudumu yetu nchi ilikuwa kijani. Nikadhani kila mbegu imeamka. Guyo akakwangua mchanga, akanionyesha nyingine za mmea uleule, zimelala. Hizo hazijaamini. Zinangoja mvua nyingine, kwa sababu zote zingeamka leo na mvua ikakata, ukoo mzima ungekwisha.

Na nzige si mgeni hapa kama nilivyodhani. Miaka ya ukame huishi mmoja mmoja, rangi ya mchanga, mpole, hamsumbui mtu. Mvua ikinyesha hutaga kwenye mchanga wenye unyevu. Watoto wanakuwa wengi, majani machache, wanabanana; wakishabanana tabia inageuka, hata rangi inageuka. Ndipo wanapoinuka pamoja kwenda kula mtama wa watu. Bwana mkubwa wetu anasema ni adui. Guyo anasema ni majirani walioudhiwa.

Viktor, mpishi wa kambi, Mpogoro wa Mahenge, anakuja likizo. Nimempa kopo la biskuti akufikishie. Ndani si biskuti. Ni nzige niliookota mwenyewe, nikawakaanga kwa chumvi kama bibi alivyokaanga senene. Kula, babu. Uonje ladha ya mahali pasipo kitu.

Mjukuu wako,
Theodori

*

Kambi ya Nzige
19 Agosti 1954

Babu, shikamoo. Gari linaondoka, siwezi kuandika zaidi. Nzige wa kopo wana dawa. Barua ya maelezo inafuata.

Theodori

*

Kibaoni, Ifakara
1 Oktoba 1954

Kwako mume mwenzangu,

Huku ni vumbi, kuku na mahubiri. Mto umekuwa mwembamba, wavuvi wanaleta mbasa na kitoga, na sheshe, swala wa bonde hili, wameshuka mbugani kwa makundi. Pantaleo amenunua baiskeli, sasa anatutembelea mara nyingi zaidi. Ubaya wa maendeleo ndio huo.

Viktor alileta kopo, akakaa, akala, akasema huko kambini hakuna chakula cha maana, akala tena. Kikaratasi chako kikafuata. Shangazi yako alikisoma pale posta, akaja nacho mbio, kanga mkononi.

"Baba! Theodori ametuma dawa! Nilisema mimi, mtoto yule hawezi kutuma wadudu hivihivi!"

"Dawa ya nini?"

"Ya tumbo lako! Ya nini tena? Yohane Mbatizaji alikula nzige huko huko jangwani. Umewahi kusikia anaumwa tumbo?"

Nikakubali kwamba sikusikia. Nilichosikia ni habari ya shingo.

Basi tangu siku ile nzige wako wanatwangwa kwenye kinu, wanatiwa kwenye uji, naletewa kikombe kila asubuhi. Kikombe kinarudi kitupu. Shangazi yako anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mume wake alipomwacha, na nilikuwa nimesahau kwamba hajui.

Bata wake wawili wamekufa. Walizunguka uani kama waliotoka kilabuni, kisha wakalala miguu juu. Yeye anasema ni kijicho cha majirani. Wewe ni karani, fikiri. Barua zangu shangazi yako hupenda kuzisoma kabla sijazifunga, kwa hiyo naye anakusalimu.

Huyo firigogo wako nimemsimulia padre, akasema atamtaja kanisani. Baba anabeba maji kwa manyoya ya tumbo! Hapa Kibaoni baba akibeba maji kwa ndoo watu hutoka nje kutazama. Na hizo mbegu zisizoamini mvua ya kwanza nazifahamu. Nimezifundisha. Zilikuwa zinaketi safu ya nyuma.

Usistaajabie sana, lakini. Hata hapa vyura wa mbugani hulala ndani ya tope lililokauka, wanangoja. Tofauti ni kwamba huko wanangoja miaka na huku miezi. Labda jangwa ni bonde letu lenye subira zaidi. Nisingeweza kuyasema hayo darasani. Kipindi kingekuwa kirefu.

Mimi ni mzima. Narudia: ni mzima.

Kasmiri

*

Kambi ya Nzige
9 Novemba 1954

Babu!

Shikamoo. Sina salamu nyingine. DAWA NI SUMU. Ni dawa ya kuua nzige! Acheni uji huo leo! Mwambie shangazi azike kopo mbali na kisima.

Niliandika barua ndefu mwezi wa Septemba. Leo nimeambiwa gari lililoibeba lilichukuliwa na maji kwenye mto wa mchanga, mto ambao mwaka mzima huwa barabara. Sikujua. Nilikaa nikidhani mmeelewa.

Ilikuwa hivi. Mimi nimeokota nzige, nimewakaanga, nimempa Viktor. Baada ya siku chache nikasikia kwamba kikosi kingine kilikuwa kimemwaga pumba zenye sumu bonde lile lile nilikookotea, kabla yangu. Nilijulishwa na kongoti, wale ndege wakubwa wala mizoga. Walikuja kula nzige waliokufa, wakaanguka. Bweha wakala kongoti, nao tukawaokota. Juzi nimepita kwenye ule mgunga niliokuandikia. Mavi ya mbuzi yamekauka mahali yalipoangukia. Hakuna wa kuyaviringisha. Niliketi kama Guyo alivyonifundisha, nikangoja, hakikutoka kitu. Sasa ndiyo mraba wako, babu. Tumeuchora sisi.

Nijibu haraka. Niambie kwamba unafoka.

Theodori

*

Kambi ya Nzige
3 Januari 1955

Babu, shikamoo.

Heri ya mwaka, kama upo wa kuipokea. Barua yako haijaja. Iliyokuja ni ya baba mdogo Pantaleo. Ameandika: "Mzee amelala kitandani, hali chakula, amebaki mifupa. Ukoo umekaa. Usikanyage Ifakara, si akiwa hai, si akifa. Udongo wa kaburi lake hutaushika."

Mimi ni mjukuu wako wa kwanza. Kwenye msiba wako mimi ndiye ninayetakiwa kukaa mlangoni, kukutania na kuwachekesha waliokuja kulia. Sasa atafanya nani? Pantaleo? Watalia zaidi.

Nimepewa likizo kuanzia Machi. Sitakuja. Kama ni mkono wangu uliokufikisha hapo sina uso wa kula chakula cha matanga yako. Lakini kama unaweza kushika kalamu, niandikie neno moja. Hata tusi.

Theodori

*

Kibaoni, Ifakara
12 Februari 1955

Kwako Theodori, mume mwenzangu,

Salamu kwanza, maana hata anayekufa hana ruhusa ya kukosa adabu. Mvua zimeanza. Domitila mzima. Pantaleo mzima, kwa bahati mbaya. Mwandiko huu unaotambaa ni wangu. Naandika kidogo, nalala, naandika. Leo hakuna atakayeisoma kabla sijaifunga. Nimewaambia ni maungamo, na wakazi wa nyumba hii wanaogopa maungamo kuliko chui.

Uliomba neno moja. Nitakupa mengi, uyavumilie.

Sikunywa uji wako. Hata kikombe kimoja.

Neno dawa nimelifundisha maisha yangu yote: dawa ya kikohozi, dawa ya panya, dawa ya mapenzi; ukiyachanganya makabati unazika watu. Wewe ni karani wa kuua nzige, unaniandikia nzige wana dawa. Nilielewa kabla Domitila hajamaliza kuhema. Akienda kugeuza kuni, mimi nageuza kikombe kwenye shimo la mgomba. Bata wakaja kuchokora pale. Nilipokuandikia habari zao nilidhani utaelewa. Nilisahau kwamba nilikufundisha mimi.

Utauliza kwa nini sikumwambia tangu mwanzo. Sababu ya kwanza ni kwamba aliimba. Ya pili si nzuri.

Tumbo langu lilianza kabla ya Pasaka. Mwezi wa Mei daktari alinibonyeza, akakuta uvimbe mkubwa kama embe. Hakuniambia nile vizuri. Aliniambia nipange mambo yangu. Nikaupanga uongo. Ningesema kweli, Domitila angelia kila siku mbele yangu, na Pantaleo angenileta waganga wote wa Mahenge kwa hiyo baiskeli yake. Kopo lako lilipofika nikaona limekuja la kunificha: mtu akiwa na dawa haulizwi anaumwa nini.

Kisha ikaja barua yako ya Novemba. Pantaleo ndiye aliyeisoma, kwa sauti, nyumba imejaa watu. Alipofika kwenye SUMU wote wakanigeukia, wakaona nilivyokonda. Pantaleo akasema, "Mtoto amemuua mzee." Nikafungua kinywa. Lakini ningesema sikuunywa, Domitila angeuliza, "Basi unaumwa nini, baba?" Nikakifunga. Wakadhani nimeshindwa kusema kwa uchungu. Mimi, mwalimu Kasmiri, niliyewachapa watoto kwa kusingizia wenzao kuvunja dirisha, nikakaa kitandani nikapepewa, huku jina lako linapita mtaani kama la muuaji. Kila nilipotaka kukuandikia niliona barua mbili: ya uongo, na hii. Kwa hiyo sikuandika. Hicho ndicho kimya ulichokisikia.

Ilipokuja yako ya Januari nilimwambia Domitila aisome kwa sauti. Akafika kwenye chakula cha matanga, akashindwa. Nikamwambia aite watu. Wakaja wote walewale, pamoja na padre, kwa sababu walidhani nakata roho. Nikasema yote: daktari, Mei, kikombe, shimo.

Pantaleo akakohoa. "Baba, labda ni homa inayosema."

"Homa haijui kugeuza kikombe. Nenda shimoni, chungulia."

Akaenda kweli! Akarudi amekanyaga matope, akakaa.

Domitila akauliza polepole, "Na bata wangu?"

"Ni mimi."

"Nikamtuhumu Balbina. Miezi yote hii simsalimu Balbina. Ananiazima chumvi kupitia mtoto."

"Ni mimi pia."

Ndipo akalia. Sijui kama ni kwa ajili ya bata, au Balbina, au mimi. Kwa heshima sikuuliza. Baadaye akaja kukaa kitandani, akaniuliza linauma wapi. Nikamwonyesha. Ni mara ya kwanza nimemwonyesha mtu. Kuna nafuu ndani yake, na hiyo nayo niliinyima nyumba hii tangu Mei.

Sasa wewe. Usijidanganye kwamba umetoka safi. Ulituma chakula bila kuuliza kilikotoka, na kikosi chako kimemwaga sumu chini ya mti uliokuwa unajiendesha bila karani. Hilo la mgunga limeniuma, na sijawahi kuumizwa na jangwa. Nimefundisha darasa baada ya darasa kwamba pale hapana kitu. Nani kati ya wale mabwana zenu hakufundishwa hivyo na mwalimu wake? Mtu hahofii kumwaga sumu mahali pasipo kitu. Nilidhani mraba ule hauna madhara. Ulikuwa chaki tu.

Pantaleo ameondoa katazo. Ameamua kukuomba radhi mwenyewe, na anafanya mazoezi. Juzi nilimsikia anamwomba mbuzi. Panda gari, njoo. Unieleze, kwa mdomo si kwa karatasi, kama chini ya mgunga kuna kilichorudi. Sitakuahidi kukungoja. Nitajaribu tu kukataa kuondoka.

Babu yako,
Kasmiri

*

Kidatu, ukingo wa Ruaha
30 Machi 1955

Shikamoo babu,

Barua hii naibeba mwenyewe, kwa hiyo ni upuuzi kuiandika. Lakini nimekaa hapa tangu juzi. Nimetoka mahali ambapo mtu husafiri siku nzima kutafuta maji ya kunawa uso, na nimezuiwa na maji. Mto umefurika, pantoni imefungwa kwenye mti, dereva wa basi amelala chini ya basi. Cheka, una haki.

Kabla ya kuondoka nilipita kwenye mgunga na Guyo. Tuliketi hadi jua likatuhama. Dundu hawajarudi. Mjusi simwoni. Ila kulikuwa na mvua ndogo, na zile mbegu ambazo hazikuamini mvua ya kwanza, baadhi zimechipua. Nilimuuliza Guyo kama ndiyo dalili njema. Akasema, "Majani tu. Bado hakuna mtu." Sikupata jibu jema zaidi ya hilo, na sitakudanganya, nyumbani kwetu uongo umetosha.

Asubuhi wavuvi wamesogea ng'ambo ile. Nikapiga kelele kuuliza kama yupo anayetoka Ifakara. Mmoja akaitika. Nikauliza habari za mzee Kasmiri wa Kibaoni, mwalimu.

"Yupi? Yule anayekufa?"

"Huyo huyo! Amekufa?"

Maji yakameza jibu lake. Nikampungia mkono arudie. Akaweka viganja mdomoni.

"Juzi alikuwa anafoka! Padre amemsomea sala, yeye anamsahihisha Kiswahili!"

Watu wote wa basi wamecheka. Mimi nimekaa kwenye mawe, nikajifunika uso kwa kofia ya serikali.

Dereva ameamka. Anasema maji yameanza kushuka, na jioni watajaribu pantoni. Endelea kumsahihisha padre, babu. Mkatalie kila sentensi. Nakuja.

Theodori